Sanchin kila siku, ngumi tutapiga lini? Jibu kwa ndugu wa Morogoro

Kuna ndugu wa Morogoro anayejifunza karate kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu (kwa mgeni: Goju-ryu na Shotokan ni mitindo ya karate, Sanchin ni kata, yaani mpangilio wa miondoko unaoufanya peke yako, na kumite ni kupigana na mwenzako): "Shikamoo sensei. Nina miaka 34, nimeanza Goju-ryu huu mwezi wa saba. Sensei wetu kila siku ni Sanchin, tunapumua kama nyoka, tunapigwa mabega, kumite tumefanya mara mbili tu tangu nianze. Jamaa yangu wa kikiboksi ananicheka anasema tunacheza ngoma. Juzi tukavaa glavu akanipiga vibaya mno. Alafu nikimaliza Sanchin kichwa kinaniuma kwa kisogoni. Je hizi mbinu za Goju zinafanya kazi kweli au nihamie Shotokan? Na kanuni zake hasa ni zipi, maana sensei ukimuuliza anasema fanya tu utaelewa."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hicho kichwa kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kusubiri ila hicho hakisubiri. Kabla hujaingia dojo tena pita zahanati yoyote hapo mjini upime presha, ni dakika tano tu, na ukikuta iko juu mwambie sensei wako wazi kwamba Sanchin ya kukaza unaisimamisha kwanza mpaka umwone daktari. Sio uoga huo. Mtu akiziba pumzi kooni huku amekaza tumbo na kifua presha inapanda ghafla palepale, ndo maana hata wanaonyanyua vyuma jimu wanaambiwa watoe pumzi wakati wa kunyanyua. Na hayo maumivu ya kisogoni mi nayajua sana, nilikaa nayo karibu mwaka mzima nikiwa kijana, mwalimu niliyekuwa naye wakati ule alipenda ile sauti ya pumzi isikike mpaka barabarani na sisi wanafunzi tukawa tunashindana nani ananguruma zaidi, siku moja damu zikanitoka puani katikati ya kata na wenzangu wakaniangalia kama shujaa. Ujinga mtupu, lakini kipindi kile nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Presha ikiwa sawa na kichwa bado kinauma basi kuna uwezekano mkubwa sana unabana koo, shingo na taya. Kwa wiki mbili fanya Sanchin bila sauti kabisa, hata wenzako wakikushangaa. Vuta kwa pua, ishushe chini ya kitovu, toa kwa mdomo kama mtu anayepulizia kioo cha miwani kipate ukungu akifute, umeona pale koo linakuwa wazi? Ndo hivyo. Ukisikia linakwaruza ujue umeshabana tena. Meno yasisagane, mabega yakianza kupanda masikioni simama uanze upya, na kama kichwa kinaendelea kuuma hata ukifanya hivyo rudi kwa daktari, usirudi kwangu.

Haya, kipigo. Jamaa wa kikiboksi alikupiga na angenipiga hata mimi nikiwa na miezi saba, hakuna siri hapo, yeye kila wiki anapigana na mtu anayerudisha na wewe unapigana na hewa. Ungekuwa umekaa miezi hiyohiyo saba Shotokan bila kumite ungepigwa vilevile. Kwahiyo swali lako limechanganya vitu viwili, mbinu zenyewe na namna mnavyozifanyia mazoezi, na naona hilo la pili ndo linakuumiza zaidi, tutarudi. Ila angalia pia mlipigania wapi. Umbali wa glavu ni umbali wa mtu ambaye bado hajakushika, anaingia anapiga anatoka, mkishikana refa anawaachanisha au mnaachana wenyewe. Goju inaanza pale mtu ameshakukwida.

Hiyo ndo kanuni namba moja, na ukiimeza hiyo mambo mengine kwenye Goju yanajipanga yenyewe. Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni, watu wamejaa mpaka mlangoni, mtu kakukamata kola na kifua chake kiko kwenye kifua chako, teke la kichwani utalirusha wapi? Hata ngumi ya kunyoosha mkono huna pa kuipitisha. Kilichobaki ni kiwiko, kiganja, ngumi fupi inayotoka chini kiganja kikiangalia juu ambayo tunaiita ura zuki, kile kifundo cha mkono ukikikunja yaani koken, goti, na miguu inayopiga chini ya kiuno tu, ugoko, goti, kinena. Sasa chukua orodha ya mbinu ulizofundishwa miezi yote hii uone kama sio hizohizo. Misimamo mifupi, viwiko karibu na mbavu, mateke ya chini, mikono inayozungukazunguka kama inatafuta kitu cha kushika. Inaonekana ngoma kweli ukiitazama peke yake, maana mtu wa pili hayupo! Ni kama kumwona mtu anacheza muziki wa kushikana mwenyewe sebuleni.

Na imekuwa hivyo kwa sababu ya ilikotoka. Naha ni mji wa bandari kule Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, na watu wake kwa karne nyingi walikuwa wanakwenda na kurudi Fuzhou, mkoa wa Fujian, China. Higaonna Kanryo, aliyezaliwa 1853, alivuka kwenda huko akajifunza mapigano ya Kichina ya kusini, yale ya karibu karibu, miguu imeganda chini na mikono inafanya kazi mfululizo, akarudi Naha akafundisha. Mwaka 1902 akampokea kijana wa miaka 14 anaitwa Miyagi Chojun, na huyo ndo mwanzilishi wa Goju-ryu tunayoifanya mimi na wewe. Miyagi naye alikwenda Fuzhou mwaka 1915 kutafuta mizizi. Kwahiyo unapofanya Sanchin Morogoro unafanya kitu kilichosafiri na majahazi, na watu wa pwani naona tungetakiwa kulielewa hilo haraka kuliko wengine.

Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1930 mwanafunzi mkubwa wa Miyagi, Shinzato Jin'an, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, mtu wa mtindo mwingine akamuuliza wewe ni wa shule gani, jamaa akakosa jibu maana kwao Naha hakuna aliyehitaji jina, ilikuwa te tu, mkono. Akarudi akamwambia mwalimu wake. Miyagi akaenda kulichukua jina kwenye Bubishi, kile kitabu cha mapigano ya Fujian ambacho watu wa Okinawa walikuwa wananakili kwa mkono, mle kuna mstari unaosema kuvuta na kutoa pumzi ndo ugumu na ulaini. Go ni ugumu, ju ni ulaini. 1933 jina likaandikishwa rasmi kwenye Butoku-kai, chombo kilichokuwa kinasimamia sanaa za kijeshi Japani. Shinzato mwenyewe aliuawa kwenye vita ya Okinawa 1945, hakuona jina lilipofika.

Ona sasa huo mstari unaongelea nini. Pumzi! Watu wengi wanatafsiri goju kwamba ukikinga uwe laini na ukipiga uwe mgumu, kama taa za barabarani, nyekundu kisha kijani. Mi naona hiyo ni nusu tu. Ugumu na ulaini vinakaa kwenye mwili mmoja wakati uleule, huku chini umeganda na huku juu unayumba, kama mnazi wakati wa kusi. Chukua mawashi uke, ile mikono miwili inayozunguka mwishoni mwa Sanchin alafu viganja vinasukuma mbele, kimoja juu kimoja chini. Mkono wa kwanza unapokea laini, haugongi, unaambatana na mkono wa mtu unaupeleka pembeni, wa pili unapita chini unadaka kiwiko au kifundo, na muda huohuo nyonga ziko chini zimeshika ardhi ngumu kabisa. Mwisho viganja vinasukuma, na kama ulimdaka vizuri basi unamsukuma mtu ambaye tayari amepindishwa. Ukiifanya kama kinga ya kugonga mkono kwa mkono umeua kila kitu. Wanafunzi wangu wengi wanaifanya kama wanafuta kioo cha gari, na nadhani na wewe uko hapo, usijali, kila mtu amepita hapo.

Twende kwenye Sanchin yenyewe sasa, maana ndo kero yako. Jina maana yake mapambano matatu, na kawaida tunasema ni akili, mwili na pumzi. Anza na miguu. Upana wa mabega, vidole vya mguu wa nyuma viko usawa wa kisigino cha mguu wa mbele, na wa mbele umeugeuza kwa ndani kidogo, magoti yamelegea na yanaangaliana kidogo. Mguu ukienda mbele hauendi moja kwa moja, unachora nusu mwezi, unaingia karibu na mwenzake kisha unatoka nje. Mtu anauliza kwanini nisitembee tu kama binadamu? Kwa sababu mtu amekushika. Ukinyanyua mguu juu wakati umeshikwa unaangushwa. Unausogeza ukiwa karibu na ardhi, unapitia ndani kulinda kinena, na ukitoka nje kisigino chako kinaweza kuufagia mguu wake au kuingia nyuma yake. Nyonga unazikunja kwa ndani, makalio yanabana kama mtoto anayesubiri kiboko, hapo ule upinde wa mgongo wa chini unanyooka na nguvu ya miguu inapata njia ya kupanda. Kidevu ndani. Viwiko viko ngumi moja kutoka mbavuni. Kwapa umezibana kama umebana gazeti na hutaki lidondoke, na hapo ndo penye siri kubwa, kwa sababu kwapa zikibana bega linashuka na mkono wako unaunganishwa na mgongo badala ya kuning'inia begani. Jaribu kitu kidogo, nyoosha mkono bega likiwa juu mwambie mtu auvute, atakuvuta wewe mzima. Shusha bega, bana kwapa, avute tena. Utamwona anajivuta yeye kuja kwako.

Hiyo ndo kazi ya Sanchin. Ni jinsi ya kusimama mtu anapokuvuta, kukusukuma na kukupiga ukiwa huna pa kukimbilia. Mtu aliyekukwida anategemea ukunjike, ukunjike kiunoni au shingoni au magotini, na wewe hukunjiki popote ila bado unatembea na bado unapumua. Hilo la kupumua sio dogo, watu wengi wakishikwa ghafla pumzi inakata na mkono unakata nayo.

Ila kuna kosa ambalo limeenea mno, watu wanadhani Sanchin ni kukaza kila msuli kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uso mwekundu, mishipa ya shingo kama kamba za meli. Mwanzoni tunakazisha watu ndio, kwa sababu mtu mgeni hajui hata misuli ya chini ya kwapa iko wapi, ukimkazisha anaigundua. Lakini ukishaijua unatakiwa uanze kuchagua. Kaza pale ngumi inapofika, hesabu moja tu, alafu achia, mkono ukirudi urudi umelegea, tumbo la chini tu ndo linabaki na uzito wake. Ukikaza muda wote umejifunga breki mwenyewe, ngumi haitoki. Na hili ndo linalowafanya watu wa kikiboksi watucheke, wanaona mtu amejikaza kama nguzo anajiuliza huyu atakwepaje.

Kupigwa mabega kunaitwa shime na nalo limeharibiwa. Kazi yake ni kukagua. Umemwona fundi anavyogongagonga vigae kwa kidole asikie palipo na uwazi chini yake? Ndo hivyo. Sensei anagusa bega aone kama limepanda, anapiga kwapa kwa nyuma aone kama umeshika, anapiga paja, anasukuma tumbo, na anapokuta uwazi anakuonyesha. Anatakiwa apige kwa kiwango chako, mkanda mweupe wa miezi saba anaguswa tu. Akipiga ili wageni waliokaa pembeni wasikie mlio hiyo ni show. Na kuna sehemu hazipigwi hata kwa utani, masikio, shingo, uti wa mgongo, na kwenye figo. Ukipigwa huko sema. Heshima kwa sensei haimaanishi ukae kimya unaumizwa.

Sanchin ina pacha wake, Tensho, aliyoitunga Miyagi mwenyewe, mikono wazi, inazunguka kama maji, viganja na vile vifundo vya mikono. Hujafika huko bado naona, lakini ukikutana nayo utaelewa kwamba Sanchin ilikuwa inakuandalia sufuria na Tensho ndo mchuzi. Usiharakishe.

Sasa tatizo lenu halisi kwa mtazamo wangu, na hapa nasema kwa adabu maana simjui sensei wako. Sanchin bila mtu wa kukushika ni nusu ya mazoezi. Nusu ya pili inaitwa kakie. Mnasimama wawili mnatazamana, mguu wa mbele kwa mguu wa mbele, vifundo vya mikono vimegusana, mmoja anasukuma polepole kuelekea kifua cha mwenzake, mwenzake anapokea laini anaupitisha, anageuza kiganja anadaka, anarudisha, huku na huku kama watu wanaokata gogo kwa msumeno wa watu wawili. Hakuna kutumia bega, inatoka kwenye miguu ileile ya Sanchin. Na ile ngozi kwa ngozi isiachane. Wenyewe wanaita muchimi, wanasema neno linatokana na mochi, ule mkate wa wali uliotwangwa unaonata, ila sisi tuna neno zuri kuliko hilo: ulimbo. Kama ulishawahi kutega ndege kwa ulimbo utotoni unajua, ndege hagongwi, anatua tu, alafu anajikuta hawezi kuondoka na kila akihangaika ndo anazidi kunasa. Mkono wa mtu wa Goju unatakiwa uwe ulimbo. Ukimgusa mtu mkono wako unasikia anataka kwenda wapi kabla macho hayajaona, akisukuma unampitisha, akivuta unaingia naye na kiwiko, akiacha uwazi kiganja kinafika.

Mkianza kakie fanyeni polepole wiki kadhaa hata bila kushindana, kisha ongezeni kidogo kidogo, leo mnaruhusiwa kudaka, wiki ijayo kudaka na kuvuta, baadaye kiwiko kinasimama sentimita chache kutoka usoni, baadaye kufagia mguu. Ikifika hapo mshajua mnapigana bila hata kuambiwa. Dakika kumi kila mazoezi zinatosha, na ndani ya miezi mitatu utakuwa mtu mwingine.

Kata nyingine zote ni majibu ya mtu aliyekushika, ndo maana nakwambia ukijua kanuni ya kwanza mengine yanajipanga. Gekisai mbili zile Miyagi alizitunga 1940 kwa ajili ya vijana na wanaoanza, kwahiyo zina ngumi za wazi wazi, tuziache. Nenda Saifa, hatua ya kwanza kabisa. Unatoka kwa pembeni, mkono mmoja umeufunika mwingine, unavuta kiwiko kikipanda, kisha ngumi ya mgongo wa mkono inashuka usoni. Ukiifanya hewani haina maana yoyote. Mwambie mwenzako akushike kifundo cha mkono kwa nguvu zote uifanye tena, utacheka mwenyewe. Seiyunchin haina teke hata moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni shiko dachi tu, ile ya kuchuchumaa miguu wazi, unashuka na unavuta mtu chini, uzito wako wote unaning'inia kwenye mkono wake. Kururunfa karibu na mwisho unanyanyua mikono yote juu alafu unashuka ghafla, hiyo wengi tunaifundisha kwa mtu aliyekukumbatia kwa nyuma mikono yake imepita chini ya kwapa zako na kukushika kisogoni. Sanseru na Sesan zina lile teke la pembeni la kwenye goti, kansetsu geri. Na hilo naomba sana, kwa mtu halisi linaonyeshwa tu, nguvu zipelekwe kwenye tairi lililosimamishwa ukutani. Goti la mwenzako likienda limeenda.

Nitoke nje ya njia kidogo kwa wanaopenda hesabu. Majina ya kata zetu kadhaa ni namba, Sesan ni 13, Sepai 18, Sanseru 36, na kubwa kuliko zote Suparinpei ni 108. Thelathini na sita mara tatu. Usiku nikikosa usingizi huwa naziwaza.

Shotokan, je? Ni karate nzuri na sitaki kusikia mtu anaisema vibaya kwangu. Funakoshi Gichin naye alitoka Okinawa ila kwa upande wa Shuri, mji jirani na Naha, akaipeleka Tokyo 1922, na ikakua kuelekea umbali mrefu, misimamo mirefu, kuruka na kuingia kwa kasi, ngumi moja inayomaliza. Sanchin hawana, ingawa Hangetsu yao ni ndugu wa Sesan yetu. Kama unachotaka ni mashindano ya pointi, kasi na kuingia kutoka mbali, hamia na utafurahi. Kama unachotaka ni kujua la kufanya mtu akikukwida stendi ya Msamvu usiku, baki ulipo, ila badilisha namna unavyofanya mazoezi. Na kwa umri wako, tena kama magoti yanalia ukipanda ngazi, misimamo mifupi itakutunza zaidi.

Kuhusu sensei kusema fanya tu utaelewa. Hilo ni la zamani, Miyagi naye alifundisha hivyo, mtu anapewa Sanchin na kata moja au mbili zinazomfaa mwili wake anazikalia miaka, na maelezo machache. Sisi hapa tumerithi Goju hiyohiyo, Bomani, yule Mmarekani mweusi, aliipanda Dar miaka ya 1970 kwenye dojo la Zanaki, na masensei kibao ukiwafuatilia mizizi yao utafika pale, watu wa jasho kwanza maneno baadaye. Kwahiyo usimuulize "kwanini tunafanya hii", hilo swali kwenye dojo linasikika kama unabisha. Baada ya mazoezi mfuate, inama, mwambie "sensei naomba nikushike kola uone ninachokosea". Kwa kiwiko chake utapata jibu refu kuliko hili langu. Na mwombe mfanye kakie, kwa jina lake hilohilo, naamini atafurahi kwamba umelijua. Akikataa kata kata miezi na miezi, hakuna kakie, hakuna kumite hata ya polepole, hakuna kuonyesha kata inatumikaje, hapo tafuta dojo lingine la Goju kabla hujafikiria kubadili mtindo.

Na yule rafiki yako wa kikiboksi usimkimbie, ni hazina. Msivae glavu kwanza. Mwambie akukwide kola kwa mikono miwili akusukume ukutani, wewe kazi yako isizidi kusimama bila kukunjika na kupumua. Mara ya kwanza atakubamiza, sawa. Mkishazoea ongeza kutoka kwenye mshiko. Kisha akufundishe na yeye anavyoingia na kutoka, maana sisi watu wa Goju tuna ugonjwa wa kudhani kila mtu atakuja kutushika, na wengine hawaji, wanakupiga kutokea kule kule mbali kama alivyokufanya juzi.

Vifaa sio gharama. Chi ishi, lile jiwe lenye mpini, tengeneza kwa kopo la rangi la lita moja, chomeka mti wa mwiko au wa jembe lililochakaa, pigilia misumari kwenye ule upande utakaozama, mimina zege, linakupa kama kilo mbili na nusu hivi na zinatosha kabisa kuanzia. Usifanye sifa za kopo la lita nne, hiyo inakaribia kilo kumi na itakung'oa bega. Zile nigiri game, mitungi ya kushika kwa vidole vya juu, tumia ndoo ndogo za rangi zenye mchanga, ongeza mchanga kila wiki konzi moja, tembea nazo kwa hatua za Sanchin. Makiwara ni ubao uliozikwa ardhini unaonesa ukiupiga, kama haunesi huo ni ukuta na utavunja kifundo. Juu zungushia kamba ila kamba ya katani inachuna ngozi vibaya, mi niliweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli na nimekipiga miaka.

Ukishapima presha na ukafanya hizo wiki mbili za kimya, jirekodi Sanchin moja kwa simu unitumie. Vua shati, weka simu kwa ubavuni mara moja na kwa nyuma mara moja. Ya mbele sihitaji, nataka kuona kwapa na kiuno.